Nguvu ya mamba ni maji: mabeki warefu wa Magongo watacheza wapi?

Ukizunguka viwanja vya vumbi vilivyobaki kati ya Magongo, Chaani na Port Reitz, hukosi kuona timu yenye kijana mmoja anayewapita wenzake kichwa kizima. Karibu kila mara amewekwa katikati ya ulinzi. Huenda hakuna aliyemwuliza anapenda kucheza nafasi gani. Kimo chake kimeshaamua. Watazamaji wanamwita jina la lori au la krini ya bandarini, na kazi aliyopewa ni moja: mpira usipite, na ukipita, mtu asipite.

Hoja yangu leo ni kwamba sisi watu wa Pwani tunaona miili ya vijana hawa lakini hatuoni uchezaji wao, na tusipobadilika wapo wengine watakaowatafutia kazi. Mwaka 2027 utaleta mambo mawili kwa mfululizo. Juni na Julai, Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Agosti tunapiga kura. Moja linahitaji mabeki. La pili, kwa desturi yetu mbaya, huhitaji vijana wenye vifua vipana wa kusimama nyuma ya mheshimiwa na kutisha watu. Kijana mrefu wa miaka 17 leo atakuwa amefikia umri wa kutumiwa kwa vyote viwili.

Kwanza tuelewe urefu unamfanyia nini mlinzi. Nitachukua mfano kutoka mchezo ulio mbali na joto letu, ambao kwa Kiswahili unaitwa mpira wa magongo. Jina la mtaa wetu ndilo jina la kifaa cha mchezo huo, ingawa hapa mtaani sijaona kijana akilishika gongo lenyewe. Kuna ule wa nyasini, ambao Kenya iliwahi kutamba nao: mwaka 1971 timu yetu ilimaliza nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia mjini Barcelona, ikiongozwa na beki Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki 4 kuanzia 1960 hadi 1972. Na kuna ule wa barafuni, ambako wachezaji huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma na kugongana mabega kwa kasi.

Katika barafu alikuwepo beki wa Slovakia aitwaye Zdeno Chára, mwenye urefu wa mita 2.06. Hakuna mchezaji mrefu kuliko yeye aliyewahi kucheza ligi kuu ya Amerika Kaskazini kabla yake. Uwanja wa ligi hiyo una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26 hivi, mdogo sana ukilinganishwa na uwanja wa kandanda. Mtu wa kimo kile, mwenye mikono mirefu na gongo refu, akisimama mahali sahihi anaziba njia nyingi bila kumgusa mtu. Mshambuliaji anayekuja mbio hana budi kwenda pembeni au kuachia mpira mapema. Huo ndio uwepo wa mwili unaozungumzwa na makocha: kumfanya mpinzani abadilishe nia kabla hujamfikia.

Lakini Chára hakuzaliwa akijua hayo. Alipokuwa kijana kwao Trenčín waliokuwa wakifundisha walimwona ni mrefu kupita kiasi, wakamshauri aende akacheze mpira wa kikapu. Baba yake, aliyekuwa mwanamieleka wa Olimpiki, ndiye aliyemfua kwa mazoezi mwaka baada ya mwaka. Mwisho wake, kijana aliyekataliwa kwa urefu alikuwa nahodha wa Boston, akatwaa kombe la ligi hiyo mwaka 2011, akacheza mpaka alipofika miaka 45, na mwaka 2025 akaingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Mtu huyo huyo aliwahi kuja kwetu Afrika Mashariki na kupanda Mlima Kilimanjaro. Tunachojifunza kwake ni kwamba mwili ulikuwa mtaji tu. Faida ilitokana na mtu mmoja aliyekaa naye na kumfundisha jinsi ya kuutumia.

Turudi nyumbani. Joseph Okumu, mzaliwa wa Kisumu mwaka 1997, ana urefu wa mita 1.93. Alitokea Chemelil Sugar, akapita Afrika Kusini na Marekani, na wengi wetu tukamjua katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2019 kule Misri. Baada ya hapo alikwenda Elfsborg ya Sweden, Gent ya Ubelgiji, kisha Reims ya Ufaransa mwaka 2023. Mtazame akicheza. Harukii miguu ya watu ovyo. Anangoja, anamsukuma mshambuliaji kuelekea mstari wa pembeni, kisha anaunyoosha mguu wake mrefu mara moja tu. Akipata mpira anainua kichwa na kutafuta mwenzake. Klabu za Ulaya hazikumnunua kwa sababu ya futi na inchi, maana huko warefu wamejaa. Zilimnunua kwa sababu mrefu huyu anajua kucheza.

Na kwa wale wanaodhani beki lazima awe mlingoti, nawakumbusha Fabio Cannavaro. Kimo chake mita 1.76, nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006, na mwaka huo huo akapewa Ballon d'Or. Kimo husaidia, ila akili ya mchezo ndiyo inayookoa bao.

Sasa hapa kwetu tunafanya nini? Mtoto akirefuka ghafla akiwa darasa la saba au la nane, tunamtoa mbele na kumrudisha nyuma. Anaambiwa apige mpira popote, autoe tu. Hafundishwi kugeuka, hafundishwi kupokea mpira akiwa amebanwa, hafundishwi kutumia mguu wa pili. Akiwa na miaka 14 anashinda kwa sababu wenzake ni wadogo. Akifika 19 wenzake nao wameshakua, urefu wake hauwashangazi tena, na hana kitu kingine mfukoni. Nimewaona wengi wakiishia hapo. Watu husema kijana amelewa sifa. Mimi nasema hakufundishwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na sisi huyu tumemwacha akauke kwenye jua la Bomu.

Kuna na suala la mwili wenyewe. Mvulana akiwa katika kipindi cha kukua kwa kasi, mara nyingi akiwa na miaka 13 au 14, anaweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Mifupa hutangulia, misuli na kano hufuata nyuma. Ndiyo maana utamwona kijana aliyekuwa mwepesi mwaka jana anajikwaa mwaka huu na kulalamika maumivu chini ya goti. Kocha asiyejua hilo humwita mvivu na kumwongezea mbio. Kocha anayejua humpunguzia mzigo kwa miezi kadhaa, humfanyisha mazoezi ya mizani na miguu, na huuliza anakula nini nyumbani. Chai ya rangi na mahamri mawili asubuhi, kisha saa mbili za mazoezi jioni, havijengi mwili wa aina hiyo.

Jambo jingine ni umri. Kijana mrefu wa Kiafrika hutuhumiwa udanganyifu kabla hajafungua kinywa. Ni kweli udanganyifu upo, na tumeuona katika michezo ya vijana nchini na barani. Ndiyo sababu FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine za MRI katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2009. Lakini kimo si cheti cha kuzaliwa. Namjua kijana wa hapa Magongo aliyerudishwa nyumbani siku ya mashindano kwa kuwa mwandalizi mmoja alimtazama na kusema huyu ni baba wa watoto. Alikuwa na miaka 15. Cheti chake hakikuwepo, kwa sababu mama yake alimzalia nyumbani na hakuwahi kupata nafasi ya kufuatilia. Hapakuwa na kipimo, palikuwa na jicho la mtu mmoja tu. Kwa mfupi, jicho hilo lingepita.

Jicho hilo hilo ndilo linalomfuata njiani usiku. Kila mkazi wa Changamwe anajua kwamba kijana mrefu mwenye mabega hushukiwa kabla ya mfupi. Akisimama na wenzake kwenye maskani, yeye ndiye anayeonekana kiongozi wa genge. Akikimbia kuwahi matatu, watu wanashika mikoba yao. Kijana akiambiwa kila siku kwamba mwili wake ni tishio, mwisho atamsikiliza yule atakayekuja kuununua kwa bei ya tishio. Na wanunuzi wapo: kulinda milango ya starehe, kutoza watu pesa kwa nguvu, na ukifika wakati wa kampeni, kuvunja mikutano ya upande wa pili. Malipo ni ya siku moja. Kovu au kesi ni ya maisha.

Wahenga wanasema nguvu ya mamba ni maji. Mtoe mamba majini na ukubwa wake wote unakuwa mzigo. Mlinzi naye maji yake ni uwanja, na hapo ndipo sisi wa bara hii ya Mombasa tunapoumia. Magongo imebanwa na barabara ya uwanja wa ndege, maghala, na yadi za makontena. Kila kiwanja kinachopotea kinageuka maegesho ya malori. Uwanja wa Manispaa kule kisiwani ulifungwa kwa ukarabati, na kazi ikaburutwa kwa miaka. Mji ambao Feisal yake ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965, na ambao Bandari yake ilishika nafasi ya pili katika ligi mwaka 2018, hauna sababu ya kuwa ombaomba wa nyasi. Tulipotajiwa viwanja vya Kenya vya mashindano ya 2027, vilikuwa vya Nairobi na Eldoret. Pwani tutatazama kwenye runinga.

Wapo watakaosema nchi ni maskini na michezo ni anasa. Nawarudisha kwenye barafu. Vijana wa Nairobi wanaojiita Kenya Ice Lions walianza kwenye uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli iliyo kando ya Barabara ya Mombasa, nchi iliyokatwa na mstari wa ikweta. Hawakuwa na timu ya kushindana nayo. Mwaka 2018 walifika Kanada na kucheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na Septemba 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huo. Ikiwa Wakenya wameweza kupata barafu, kukosa ardhi ya kandanda Changamwe ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu hubadilishwa.

Ninayopendekeza hayahitaji mabilioni. Kwanza, viwanja vilivyobaki vya Changamwe na Jomvu vipimwe, vipewe hati kwa jina la umma na kuwekewa alama kabla ya kampeni kuanza, kwa sababu wakati huo ndipo ardhi hupotea. Pili, shule na madrasa zisaidie wazazi kufuatilia vyeti vya kuzaliwa mapema, si wiki ya mashindano. Tatu, makocha wetu wa mtaani, ambao wengi hujitolea kwa jasho lao, wapewe mafunzo ya kulea miili inayokua. Katika akademia za Uingereza wamejaribu kuwapanga watoto kwa ukomavu wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa, ili mrefu akutane na warefu wenzake na alazimike kutumia akili, na mdogo naye apate kugusa mpira. Jambo hilo linawezekana hata kwenye kiwanja cha vumbi, mara moja kwa wiki, kwa filimbi moja na koni za kuazima.

Na nne ni letu sote, sisi tunaosimama pembeni. Tuache kumpigia makofi kijana pale tu anapomwangusha mtu. Akitulia na mpira, akapiga pasi fupi, akamwacha mshambuliaji akihangaika pembeni, hapo ndipo apigiwe. Kijana hukua kuelekea kule anakosifiwa.

Agosti 2027 haiko mbali. Kuna watu ambao tayari wanazihesabu pesa za kuwakodisha vijana hawa. Kaunti, vilabu na wazazi wa Changamwe nao waanze kuhesabu mipira.