Kabla Hujauliza Marehemu Alikosa Nini

Kuna swali moja limezoeleka huku kwetu Usambara, kuanzia Lushoto juu hadi bonde la Mto Sigi chini ya Amani, nalo limenichosha. Mtu akipigwa na askari mpaka akavunjika mbavu, au akitoka mahabusu amefunikwa shuka, watu hawaulizi nani kampiga, wala kwa amri ya nani. Wanauliza, "Kwani alikuwa amefanya nini?" Na kabla hajajibiwa, muulizaji anajijibu mwenyewe: "Bure tu hawawezi kumfanya vile. Huyo ana lake." Basi, marehemu keshahukumiwa pale kijiweni, na wanywa kahawa wanahamia kwenye mambo ya Simba na Yanga.

Msinione mkali, ndugu zangu. Najua kwamba huruma mnayo, kwa maana nimeiona kwa macho yangu. Mei 25, 2020, George Floyd alipokandamizwa shingo kwa goti huko Minneapolis kwa zaidi ya dakika tisa, nani hapa hakuumia? Nilisikia akitajwa msikitini, nikasikia akitajwa kanisani, na vijana wa bodaboda ambao hawajui Minneapolis iko upande gani wa dunia walitikisa vichwa. Floyd alikamatwa kwa kushukiwa kutumia noti bandia ya dola 20. Je, kuna mmoja wetu aliyeuliza kama ile noti ilikuwa bandia kweli? Hakuna. Tulisema, na tulisema haki, kwamba hata kama ilikuwa bandia, roho ya mtu hailipwi kwa noti. Derek Chauvin, polisi aliyemwekea goti lile, alipohukumiwa miaka 22 na nusu tukasema Mungu halali.

Tena ikatokea ya Patrick Lyoya, kijana Mkongo wa miaka 26, mtoto wa wakimbizi. Aprili 4, 2022, mjini Grand Rapids, Michigan, alisimamishwa na polisi mzungu kwa sababu namba ya gari haikulingana na gari lenyewe. Wakavutana, na mwisho akapigwa risasi ya kisogoni akiwa amelala kifudifudi. Baba yake, mzee Peter Lyoya, aliposimama kumlilia mwanawe mbele ya waandishi wa habari, alilia kwa Kiswahili. Sisi tulimwelewa kabla mkalimani hajafungua kinywa. Polisi yule alishtakiwa, lakini Mei 2025 wazee wa baraza walishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua asiirudie kesi. Tukasema huo ni ubaguzi wa rangi.

Lakini mkuki ni kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Rudini nyumbani mjitazame. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi aliyewabeba, walipelekwa msitu wa Pande nje ya Dar es Salaam wakapigwa risasi. Tangazo la kwanza lilisema kwamba ni majambazi waliouawa katika majibizano ya risasi na polisi. Siku hizo ujambazi ulikuwa umetuchosha, na wako waliopiga makofi. Kumbe majibizano yenyewe hayakuwapo. Tume iliundwa, kesi ikasikilizwa, ikakatiwa rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja wa polisi na kumhukumu kunyongwa. Miaka kumi! Waliopiga makofi mwaka ule wa kwanza, sijasikia hata mmoja aliyekwenda Mahenge kuomba radhi.

Tukajifunza nini? Septemba 2, 2012, pale Nyololo, Mufindi, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten alizingirwa na askari, akalipuliwa na bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na tumbo lake. Siku ile ile nikasikia watu wakiuliza, "Mwandishi alitafuta nini kwenye mkutano wa siasa?" Alitafuta habari, mabwana, seremala hutafuta mbao. Askari aliyefyatua alikuja kufungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Februari 16, 2018, binti Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alikufa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, polisi walipokuwa wakitawanya waandamanaji. Abiria, amekaa kwenye kiti! Hata yeye wapo waliomtafutia kosa. Hakuna askari aliyehukumiwa kwa risasi ile. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, watu walipouawa mijini, ikatangazwa amri ya kutotoka nje na intaneti ikazimwa, maneno niliyoyasikia huku milimani yalikuwa yale yale: "Walifuata nini barabarani?"

Nadhani najua ugonjwa huu umetoka wapi. Tumeifanya rangi kuwa ndiyo dhambi nzima. Muuaji akiwa mzungu, dhuluma tunaiona kwa mbali, hata kwa miwani iliyopasuka. Muuaji akiwa mweusi mwenzetu mwenye sare, macho yanaingia kiza. Wakati historia ya milima hii hii inatufundisha vingine. Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Amri yao ya mwaka 1896 iliruhusu mtu kuchapwa viboko hadi 25 kwa mara moja, hamsa ishirini ya babu zetu, na ikawatoa katika adhabu hiyo Waarabu na Wahindi. Mgongo wa mtu mweusi ndio ulioachiwa kiboko kwa mujibu wa sheria. Huo ulikuwa ubaguzi ulioandikwa kwa wino. Lakini kiboko chenyewe kilishikwa na mkono gani? Aliyeamuru alikuwa Mjerumani amekaa kivulini, na aliyechapa alikuwa askari, mweusi kama wewe na mimi. Mgongo haukusikia nafuu kwa sababu hiyo.

Mjerumani kaondoka na reli yake ndogo ya kutoka Tengeni hadi Sigi imeng'olewa, ila mkono ule umebaki. Nimeuona gulioni, kando ya mto, katika kijiji ambacho sitakitaja. Mgambo walimkamata kijana na kifurushi cha iliki, wakisema ni ya wizi. Mikono wakaifunga nyuma kwa kamba ya katani, ile ngumu ya kufungia mizigo, mpaka vidole vikavimba. Mguu mmoja una kandambili, wa pili hauna. Kila akijaribu kusema neno, anapigwa fimbo kwenye vifundo vya miguu. Iliki ilimwagika, ikatapakaa kijani kibichi kwenye vumbi, na watoto wakawa wanaiokota kati ya miguu ya watu wazima. Mama mmoja aliyekuwa akipanga mafungu ya nyanya alisema bila kuinua uso, "Mwacheni afunzwe." Mama yule namfahamu. Hakosi ibada.

Kama kijana aliiba au hakuiba, sijui mpaka leo, wala haimo katika hoja yangu. Haki haikuumbwa kwa ajili ya wasio na makosa peke yao; hao kuwatendea haki kuna ugumu gani? Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika, na inakataza mtu yeyote kuteswa au kupewa adhabu ya kumdhalilisha. Mtu yeyote! Haikusema isipokuwa wezi wa iliki.

Na nyinyi wa Usambara mnanishangaza zaidi, kwa sababu mmezaliwa na watu wa haki. Mtoto gani wa huku hajasimuliwa habari za Mbegha, mwindaji mgeni, ambaye wazee walimpa utawala kwa kuwa aligawa nyama bila choyo na kuamua mashauri bila upendeleo? Basi wazee wale walijua kwamba shauri husikilizwa kwanza. Wajukuu zao leo wanasikiliza kwa fimbo.

Askari nao nawaheshimu. Ni watoto wetu, tunasali nao, na wengi wao hupanda milima hii usiku wa mvua kufuata mhalifu ambaye sisi tunaogopa kumtaja jina. Ndiyo maana nasema, anayewaharibia jina ni yule anayeua, na anayemsaidia kuua ni wewe unayesema "ana lake". Asiyeulizwa na raia leo, kesho ataulizwa na nani? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Hapa siwezi kulipita jambo la simu. Siku hizi mtu akianguka chini, hata maji hapewi, anapigwa picha. Jioni maiti ya mtoto wa watu, mdomo wazi, nguo zimechanika, inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wana ukoo, ya vikoba, hata ya wanakwaya, na chini yake kuna vikaragosi vya kucheka. Mama yake naye yumo kwenye kundi mojawapo. Ndugu zangu Waislamu, maiti kwenu ina sitara. Ndugu zangu Wakristo, kwenu vilevile. Sitara hiyo imekwenda wapi? Kupiga picha askari anayepiga mtu, na kuipeleka mbele ya sheria, hiyo nitaisifu. Wale waliopiga picha Nyololo, Mwangosi alipozingirwa, walifanya kazi ya maana. Kurusha maiti ili watu wachekeshane ni ushetani, na anayelipia bando kwa ajili hiyo amekosa kazi shambani.

Sheria ya nchi inataka kifo cha mtu aliye mikononi mwa polisi kichunguzwe na hakimu. Ndugu wa marehemu wanaweza kusimama na kudai uchunguzi huo. Kwa nini huku kwetu hawasimami? Nimemuuliza baba mmoja. Akaniambia ukoo mzima unaona haya kwenda kudai, kwani mtaa umeshasema mtoto wao alikuwa mwizi, na mzee wa mtaa alipokuja msibani alikaa robo saa tu, akakataa chai, akaondoka.