Neno Lile Lile, Maana Nyingine

Kikombe kikianguka jikoni, Kiswahili huwa na hadhari: kimevunjwa, iwapo yupo aliyekivunja, kimevunjika, iwapo hatajwi mtu. Kiambishi kidogo humwarifu msikilizaji kwamba maana imehama. Kiingereza aghalabu hakina tahadhari hiyo. Kitenzi hunyang'anywa yambwa yake, hubaki na sura ile ile, na katika ofisi za fedha humaanisha jambo jingine kabisa.

Mfano mwepesi ni "appreciate". Kikiwa na yambwa, mtu humshukuru mwenziwe au huithamini kazi yake. Lakini ikiandikwa kwamba shilingi imefanya hivyo, bila yambwa yoyote, hakuna aliyeshukuriwa. Shilingi imepanda thamani. Mkopo nao husemwa kuwa una-"perform", si kwa kuimba jukwaani, bali kwa kuwa unalipwa kwa wakati wake.

"Float" ina kisa kirefu zaidi. Mwenye kui-"float" kampuni huuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza. Sarafu iki-"float" yenyewe, bei yake huachiwa soko. Tarehe 18 Novemba 1967 Serikali ya Uingereza iliishusha pauni kutoka dola 2.80 za Marekani hadi 2.40, na kila mtu alimjua aliyeishusha. Mwezi wa Juni 1972 pauni iliachwa ielee. Tangu hapo ikianguka, husemwa tu kwamba imeanguka, kana kwamba ni kile kikombe kisicho na mvunjaji.

Kadhalika "settle". Pamoja na yambwa ni kulipa deni au kusuluhisha ugomvi. Bila yambwa, mauzo ya hisa huwa yame-"settle" pale hisa zinapomfikia mnunuzi na fedha zinapomfikia mwuzaji. Huko New York, tangu 28 Mei 2024, jambo hilo hukamilika siku moja ya kazi baada ya mauzo. Hapo awali zilikuwa siku mbili. Aliyeuza Jumatatu asiahidi kutoa karo ya mtoto Jumatatu hiyo hiyo.

Neno linaloleta hasara kubwa zaidi majumbani ni "mature". Mtengeneza jibini hui-"mature" jibini, yaani huiacha iive. Barua ya benki ikieleza kwamba amana ya mume na mke ita-"mature" mwezi ujao, wana haki ya kufurahi, kwani fedha yao na faida yake itarejea. Barua nyingine, yenye kitenzi hicho hicho, ikitaja mkopo, hufika na sauti ile ile ya ndizi zilizoiva. Maana yake ni kwamba siku hiyo salio lote la deni, pamoja na riba, lazima liwe limekwisha kulipwa, na nyumba iliyowekwa rehani ndiyo inayolisubiri.