Amplitudi si uwezekano

Sisi wanafunzi wa lugha tunapenda kutafsiri istilahi za sayansi kwa haraka: neno la kwanza linalokaribia ndilo linaloingia katika faharasa. Ndivyo "amplitudi ya mpito" ya fizikia ya kwanta inavyogeuka kuwa "uwezekano wa mpito". Napinga tafsiri hiyo. Ukiikubali, hesabu yenyewe inaharibika.

Uwezekano haushuki chini ya sifuri. Ukiongeza njia ya pili ya kufika mahali, ya kwanza ikibaki wazi, nafasi ya kufika haipungui. Amplitudi haiko hivyo. Ni namba changamano, tuifananishe na mshale wenye urefu na mwelekeo. Mishale miwili yenye urefu sawa ikielekea kinyume, inafutana, na chembe haifiki pale ambapo kila njia peke yake ingeifikisha. Uwezekano unapatikana mwishoni tu, kwa kuutafutia mraba urefu wa mshale wa jumla, kama Max Born alivyoeleza mwaka 1926. Anayeandika "uwezekano" kwa vyote viwili atalazimika kusema kwamba uwezekano ni mraba wa uwezekano. Mwanafizikia akisoma hivyo atacheka, kisha atarudi kwenye Kifaransa chake.

Mwaka 1948 Richard Feynman alionyesha kwamba amplitudi ya chembe kutoka A hadi B ni jumla ya mishale ya njia zote. Gawanya muda katika hatua 100, weka nafasi 10 kwa kila hatua: njia zinakuwa namba ya 1 yenye sifuri 100 nyuma yake. Hakuna kompyuta itakayozipitia moja moja. Ndiyo maana watu hutumia bahati nasibu, yaani Monte Carlo: kuchagua njia chache kwa kufuata uzito wake. Lakini uzito hasi hauchaguliki, na mishale inayofutana inaacha baki dogo sana.

Fikiria mama wa sokoni anayedai faranga 1.000.000 na kudaiwa 999.000. Akikadiria kila upande kwa kosa la moja kwa mia tu, anaweza kukosea faranga 10.000, na ile 1.000 yake inapotea humo. Wataalamu wanaliita tatizo la alama, na mwaka 2005 Troyer na Wiese walionyesha kwamba, kwa ujumla wake, ni miongoni mwa matatizo magumu sana ya kukokotoa.

Kuna hila ya kuligeuza wakati liwe namba ya kufikirika, ili uzito wote uwe chanya. Creutz na Freedman waliitumia mwaka 1981, na inatoa vizuri nishati ya hali ya chini kabisa. Mwendo wa wakati halisi, hata hivyo, ni vigumu kuurudisha kutoka hapo.

Sasa jaribu kueleza tatizo la alama ukitumia "uwezekano". Huwezi, kwa sababu uwezekano hauna alama ya kutoa. Najua wapo wanaochukia maneno ya kukopa, na mimi mwenyewe siyapendi yakizidi. Lakini "amplitudi" iachwe ilivyo, ngeli ya i-/zi-, na "uwezekano" ubaki kwenye kazi yake. Faharasa inayoandaliwa sasa bado haijachapishwa. Mstari mmoja tu ndio wa kubadilisha.