Kabla Utupe Wufa ya Mzee

Wacha niseme hii kitu halafu mnirukie mkitaka: kama kwenu kuna wufa ya zamani, hauhitaji spika mpya ndio usikize muziki wa intaneti. Unahitaji waya.

Najua kwa sababu mimi karibu niingie box. Wufa ya mzee wangu ilikaa kwa kona miaka, imefunikwa kitambaa, tangu deki ya DVD ikufe. Nikaulizia duka moja hapa tao. Jamaa akasema hiyo ni takataka, nichukue spika ya Bluetooth, thao sita. Thao sita! Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, natengenezea watu video. Hiyo ni bando na chakula ya mwezi.

Sasa skiza. Wufa ina amplifaya yake ndani, ndio maana inachomekwa kwa stima. Haijali muziki unatoka kwa DVD, redio ama simu. Angalia nyuma, kuna matundu mawili, jekundu na jeupe. Nunua waya yenye pini hizo mbili upande mmoja, na upande wa pili ile pini moja ndogo ya simu. Yangu ilikuwa soo mbili. Simu yako haina hilo tundu? Ongeza adapta ya USB-C, lakini ijaribu hapo dukani kabla ulipe, si kila adapta inakubali kila simu.

Halafu usitumie simu yako ya kila siku. Chukua ile ya zamani yenye kioo imepasuka, toa laini, weka Wi-Fi, iache hapo kwa wufa. Hakuna simu ya mtu itakatiza wimbo. Kama huna Wi-Fi, pakua nyimbo mapema. Sauti ya simu weka karibu mwisho, punguzia kwa wufa. Ukisikia inanguruma wakati simu inachaji, toa chaja ama ujaribu nyingine.

Najua mtasema Bluetooth ni rahisi. Ukienda Dunga na wasee, sawa, beba hiyo. Lakini ndani ya nyumba, kaspika kadogo hakawezi benga. Benga ni gita zinajibizana na besi inatembea chini yake. Kwa kaspika, besi inapotea, unabaki na kelele ya juu tu.

Mzee hakuwa ananiongelesha sana tangu niache chuo. Ilikuwa salamu na chakula, basi. Jumapili hiyo nikaweka D.O. Misiani, yule wa Shirati Jazz aliyefariki hapa Kisumu 2006. Mzee akatoka chumbani, akakaa. Nyimbo mbili, kimya. Kisha akasema, "Ongeza kidogo." Ya nne ikiisha akauliza, "Na hiyo kazi yako ya video, wanakulipa vipi?"

Tumeongea mpaka saa nne usiku.

Sisemi waya inarudisha familia pamoja. Nasema ningefuata yule jamaa, ile wufa ingekuwa jaani, na mimi ningekuwa kwa chumba changu na kaspika kangu, peke yangu. Tumezoea kuambiwa kila kitu cha zamani ni aibu, tunalipa, tunatupa.

Leo ukifika nyumbani, toa hicho kitambaa. Angalia nyuma.