Kamera Kuukuu na Amana ya Watu

Watu wa nyumbani kwangu wana neno lao. Kila nikirudi na kifurushi kwapani huulizana, "Leo kaja na maiti gani?" Maiti waikusudiayo ni kamera kuukuu, kwani huu ndio ugonjwa ulionishika tangu nilipovuka miaka arubaini, nami sikuutafutia dawa. Ninazo sasa kumi na moja, na mamake watoto amekwisha kuniambia kwamba ya kumi na mbili italala nje pamoja nami.

Zipo za kila kimo. Ndogo kabisa ni ya filamu ya 110, aina iliyotoka mwaka 1972, nayo yaingia katika mfuko wa kanzu na picha yake ghafi haizidi ukucha wa dole gumba. Iko Zenit ya Kirusi, ya milimita 35, nzito mfano wa jiwe, ambayo ikikuangukia mguuni utakwenda hospitali wewe na kamera isidhurike. Kisha iko Yashica yenye macho mawili, moja juu ya jingine, itumiayo filamu pana ya 120. Filamu hiyo Kodak waliitoa mwaka 1901, na hadi leo yatengenezwa. Picha yake ya mraba ina eneo la zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ya Zenit, ndiyo maana ukiikuza huoni chenga, waona hata uzi wa kofia ulivyopita.

Hii ya macho mawili ndiyo niipendayo zaidi, na sababu yenyewe si ukubwa wa picha. Mpigaji huishika kifuani akainamisha kichwa kutazama kioo cha juu, kama asomaye msahafu uliowekwa kwenye marufaa. Hamkodolei mtu macho. Anayepigwa naye hutulia, kwa kuwa haoni bomba lililoelekezwa usoni pake.

Wako wakusanyao kamera kwa kuzipanga kabatini kama vikombe vya harusi. Ni mali yao, lakini kwa hali yetu ya pwani kamera isiyotumiwa hufa. Unyevu na chumvi ya bahari huingia, kuvu ikatanda ndani ya lenzi mithili ya utando wa buibui, na mlango wa lenzi ukaganda usifunguke. Kwa hiyo mimi huzitumia zote kwa zamu, na filamu nyeusi-nyeupe nazisafisha mwenyewe usiku. Dawa zataka ubaridi wa digrii 20, na maji ya bomba ya Mombasa sote twayajua yalivyo, basi hununua barafu dukani nikaitia beseni. Muuza duka aamini kwamba mimi hunywa sharubati kila usiku wa manane.

Hayo, ndugu msomaji, ni mlango tu wa kuingilia. Lililonishikisha kalamu ni jingine.

Mwaka 2022 nilinunua kwa muuza vyuma chakavu kamera ya Kodak iitwayo Duaflex. Hiyo hutumia filamu ya 620, ambayo kwa hakika ni ile ile 120 iliyozungushwa kwenye kijiti chembamba zaidi. Kodak waliiacha mwaka 1995, na mwenye kamera ya namna hiyo leo hana budi kuingia gizani ahamishe filamu ya 120 kwa kupapasa, kutoka kijiti hadi kijiti. Nilipochungulia kidirisha chekundu cha mgongoni niliona namba 8. Maana yake ni kwamba ndani mlikuwa na filamu, na mtu aliiacha kabla haijesha.

Muuzaji aliniambia kamera ilitoka katika nyumba iliyobomolewa Mji wa Kale. Sikulala. Filamu yenyewe ilikuwa Verichrome Pan, aina ambayo Kodak waliitengeneza tangu 1956, na wanaoijua huisifu kwa kuhifadhi picha miaka mingi kabla ya kusafishwa. Sifa hiyo ni ya kweli. Picha saba zilitoka. Mbili zilikuwa za ua wa nyumba na mkeka uliotandikwa. Tano zilikuwa za wanawake wakijitayarisha kwa harusi, vichwa wazi, asumini nyweleni. Sitaeleza sura zao, kwa kuwa kueleza nako ni kuonyesha.

Kijana mmoja wa jirani, mkusanyaji mwenzangu na mtoto mwenye adabu, alikuja kuziona. Nilimwonyesha zile mbili za ua tu, na hizo tano nikamsimulia. Akasema, "Ami, hizi ukizitia mtandaoni zitazunguka dunia. Wenyewe wamekwisha kufa."

Nikamwambia, "Umejuaje kwamba wamekufa?"

Hakunyamaza, na nasema kwa haki kwamba hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema mabibi zetu wajulikana ulimwenguni kwa kadi za posta zilizotoka katika studio kama za Gomes na Coutinho kule Unguja, wamesimamishwa mbele ya pazia bila hata majina yao. Alisema hizi zilizopigwa uani, wenyewe wakicheka, ndizo historia yetu ya kweli, na kuzificha ni kuwaachia wageni watusimulie. Nusu ya usiku nilikuwa upande wake.

Kilichonirudisha ni jambo nililoliona asubuhi, niliposhika kioo cha kukuzia. Katika picha ya nne, chini kabisa, kuna kivuli cha mpigaji. Jua lilikuwa mgongoni pake, kama wapigaji wa zamani walivyofundishwa, na kivuli kimeanguka sakafuni na kichwa kimeinama. Ni kivuli cha mtu aliyejifunga kanga. Mwanamke mwenzao ndiye aliyewapiga. Kicheko kile kilikuwa chake, wala hakikuwa cha kijana yule, wala changu, wala cha mtu aliyeketi mji wa mbali na simu mkononi.

Tazama mambo yetu ya leo. Katika sherehe ya kupamba, simu huzuiwa mlangoni, na mgeni anayejaribu kupiga picha kwa siri hutolewa nje hata akiwa jamaa wa bwana harusi. Mtafiti Mjerumani Heike Behrend alikiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 2013 jambo hili la picha na sitara katika pwani yetu. Sasa, tukiwalinda binti zetu walio hai kwa kukusanya simu za watu, ni kwa sharia gani bibi zao wawekwe hadharani kwa kuwa tu kamera yao iliuzwa kwa kilo?

Najua wako watakaosema dawa ni kuchoma, na kwamba picha zenyewe hazifai. Sikubaliani nao. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914, aliandika risala ya kuruhusu picha za kamera, akasema kwamba si kuumba, ni kuzuia kivuli tu. Wako maulamaa waliompinga, nami si mwanachuoni wa kuamua baina yao. Lakini tukilishika neno lake, kivuli kilichozuiwa kina mwenyewe. Mimi nilinunua sanduku la bati na vioo viwili. Vivuli vile havikuwa mali ya muuza vyuma, basi angeniuziaje?

Nilisafisha nakala moja moja, nikazitia bahasha, nikampa mke wangu, kwani hiyo si kazi ya mwanamume kupiga hodi na picha za wanawake mkononi. Alizunguka kwa mabibi wa mtaa ule muda wa miezi miwili. Wa sita aliyefikiwa alishika picha moja akaomba miwani, kisha akaomba maji. Alikuwa ni yeye mwenyewe, na aliyekaa kando yake ni dadaye aliyefariki ambaye nyumba yao haikuwa na picha yake hata moja. Mpigaji, akasema, alikuwa shoga yao, na kamera aliletewa na mumewe baharia. Filamu haikumalizwa kwa sababu siku ya tatu ya harusi palitokea msiba.

Picha nne zimerudi kwake pamoja na filamu yake, na mjukuu wake amefundishwa kuihifadhi. Hilo nalo lataka kusemwa, khasa kwa wenye makasha ya picha ghafi za zamani majumbani. Nyingi ni za asetati. Zikianza kunuka siki jueni zaoza, na mvuke wake huozesha zilizo karibu. Zitengeni, ziwekwe pakavu, mbali na jikoni, pamoja na vile vifuko vya punje vitokavyo katika maboksi ya viatu. Na ziulizwe majina sasa hivi. Wawezao kusema "huyu ni fulani" wamefika themanini, na kila mwezi twawazika.

Kwenu wakusanyaji wenzangu, khasa vijana, sisemi mwache. Nunueni, tengenezeni, pigeni. Mkikuta filamu ndani isafisheni, na ikiwa ni jahazi, gati au barabara, onyesheni mpendavyo, nami nitakuja kutazama. Ikiwa ni watu wa nyumbani, anzeni na mlango wa nyumba. Nanyi wenye makumbusho na maonyesho, mkiletewa picha za uani muulize zilitoka kwa nani kabla ya kuuliza ni za mwaka gani.

Picha ya tano bado ninayo. Mwanamke aliyemo ndani yake yule bibi hakumtambua, akadhani alikuwa mgeni aliyeletwa na watu wa upande wa bwana harusi, labda wa Likoni. Bahasha imefungwa, na Ijumaa baada ya swala mke wangu atavuka feri kwenda nayo.