MAMBO YA JIKONI: Faluda ya Chai kwa Nyumba Isiyo na Friji

Chai ya viungo hainayo nyumba isiyoijua, tangu Mwingi mpaka Kibwezi. Lakini chai hiyo hiyo ikikolezwa, ikafanywa nzito, kisha ikapozwa hata igande, huwa ni chakula kingine kabisa, laini, cha kuliwa kwa kijiko baada ya muthokoi. Watu wa Pwani wana faluda yao, ambayo hugandishwa kwa kitu kitokanacho na mwani wa baharini. Hii ya chai ni ndugu yake.

Maagizo ya upishi yatokayo mijini hutaka jelatini na friji. Hapo ndipo taabu ianzapo, maana jelatini haigandi pasipo baridi ya kutosha, na hata leo nyumba nyingi za Kitui na Makueni hazina friji. Mama afuataye maagizo hayo wakati wa kiangazi huishia na mchuzi mtamu, na nusu lita ya maziwa imepotea. Nayo ndiyo ingalikuwa chai ya watoto kabla ya kwenda shule. Afadhali atumie unga laini wa mahindi uuzwao madukani kwa jina la kornflawa. Huo hufanywa mzito na moto, wala si baridi. Baridi huja kumaliza kazi tu.

Kwanza tangawizi iliyopondwa ichemshwe katika kikombe kimoja cha maji, pamoja na iliki 4 na kijiti cha mdalasini, mpaka maji yabaki nusu. Tangawizi isitiwe mbichi katika maziwa, kwa kuwa ina nguvu ya kuyakata. Ikichemka kwanza, nguvu hiyo hufa. Ndipo yatiwe majani ya chai vijiko vidogo 3, yakae dakika chache, yachujwe. Maziwa nusu lita yachemshwe sawasawa, yawe ya ng'ombe au ya mbuzi, kwa ajili ya maradhi yapitayo katika maziwa mabichi. Utando wa mafuta uliojikusanya juu usitupwe. Vijiko vikubwa 4 vya unga vikorogwe katika maziwa kidogo yaliyopoa, vimiminwe katika maziwa ya moto pamoja na chai na sukari, na mwiko usipumzike mpaka uji uwe mzito na harufu ya unga mbichi iishe. Mwisho utando ule urudishwe na kukorogwa. Huo ndio ulaini wenyewe.

Kupoza ni kwa vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, kidogo ndani ya kikubwa, na katikati mchanga wa mtoni uliolowa. Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nigeria, alivieneza vyungu vya namna hiyo kwao katika miaka ya 1990, na mwaka 2000 akapata tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto pamoja nayo, kama ajuavyo kila anywaye maji ya mtungi. Hewa ikiwa kavu, kama ilivyo Mutomo mwezi wa Septemba, ndani ya chungu joto huweza kukaribia nyuzi 20 ingawa nje ni 30. Kwa mara moja, ukavu wa Ukambani ni faida! Bakuli lipozwe kwanza katika beseni la maji, kisha litiwe chunguni. Kitambaa kilicholowa kifunike juu, na chungu kikae kivulini penye upepo muda wa saa tatu.

Pana watu ambao wataona ni ufujaji kumwagia mchanga maji yaliyoletwa na punda kutoka mbali. Neno lao ni la haki. Basi yatumike maji yaliyokwisha kuosha mboga, ambayo yangemwagwa vivi hivi.

Tena nyuzi 20 si baridi ya friji. Faluda ipikwe alasiri, iliwe usiku ule ule, wala isiwekwe kwa ajili ya kesho, hata kama bado yanukia vizuri. Mwezi wa Novemba, mvua inyeshapo na hewa kujaa unyevu, vyungu havifanyi kazi. Wakati huo iliwe ikiwa vuguvugu, nayo ni tamu vile vile.