Kiraka Si Aibu

  Wenzangu wengi wameandika kuhusu mitihani na nidhamu. Mimi nimeamua kuandika kuhusu vitambaa. Najua wapo ambao wamekwisha kuanza kucheka. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Hakuna asiyejua kwamba hapa Garissa mafundi wa nguo ni wengi. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na kila jioni nikitoka shule napita kwenye vibanda vyao sokoni. Wapo wanaoshona baati na buibui, wapo wa yunifomu za shule, na wapo wale wa kurekebisha tu: kupunguza, kupanua na kutia zipu. Giza likikaribia kila fundi hufagia chini ya cherehani yake. Kinachofagiliwa ni kitambaa kipya kabisa ambacho hakijavaliwa na mtu. Kuna vipande vya upana wa kiganja, kuna vya urefu wa mkono, na kuna vya pembe tatu vilivyobaki pale shingo ilipokatwa. Vyote hutiwa katika gunia, na gunia likijaa hutupwa au huchomwa. Magunia hujaa zaidi mara mbili kwa mwaka: siku chache kabla ya Idd, kila mtu akitaka nguo mpya, na Januari shule zinapofunguliwa.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma. Miongoni mwa vitambaa vinavyochomwa Januari ni vile vya yunifomu yetu wenyewe. Yaani rangi ile ile na uzito ule ule. Wakati huo huo, darasani yupo mwenzetu aliyekunja mikono ya shati na sisi twadhani anasikia joto, kumbe anaficha tundu la kiwiko. Yupo mwingine asiyependa kusimama kujibu swali, na si kwamba hajui jibu. Namjua mmoja, sitamtaja jina, aliyekaa nyumbani siku tatu mwaka huu kwa sababu suruali yake ilichanika nyuma na ya pili hakuwa nayo. Mamake alitaka kumtilia kiraka, akakataa katakata. Alijua akija nayo hivyo tutamwita majina hadi muhula uishe. Siku tatu za masomo zikapotea kwa ajili ya tundu lisilozidi urefu wa kalamu, na kitambaa cha kuliziba kilikuwa sokoni kikingoja kiberiti.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: tuanze kuokota mabaki ya mafundi na kuyashona hapa shuleni, na tuache kabisa kumcheka mwenye kiraka. Mambo haya mawili yanaenda pamoja. Tukiokota vitambaa na bado twachekana, hakuna atakayekubali kuvitumia.

Kwani aibu hii tumeitoa wapi? Sio kwa wazee wetu. Tazameni aqal, ile nyumba ya wafugaji. Akina mama hupinda fito, kisha hufunika kwa mikeka, ngozi, magunia na vitambaa. Palipotoboka hutiwa kipande kingine, na siku ya kuhama nyumba nzima hufunguliwa ikapakiwa juu ya ngamia. Ayeyo wangu amekaa katika nyumba kama hiyo miaka mingi. Kwake yeye mwanamke wa kuchekwa ni yule aliyeliacha tundu wazi mvua ikaingia, wala sio aliyeliziba. Wahenga nao walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata nje ya nchi yetu watu wenye asili ya Afrika wamejulikana kwa viraka. Kiswahili kina neno mfarishi, yaani tandiko la vitambaa lililotiwa kitu laini ndani likashonwa juu hadi chini. Huko India, katika jimbo la Karnataka, wapo Wasiddi, ambao wazee wao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka Afrika, wengi wakiwa watumwa. Wanawake wa Kisiddi hushona kwa mkono mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi. Huanza kwenye ukingo na kuzunguka wakielekea katikati. Kila pembe huwekewa vipande vidogo vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, maana yake maua, na bila maua hayo kazi huhesabiwa kuwa haijakamilika.

Tukienda Marekani, katika jimbo la Alabama, kipo kijiji kiitwacho Gee's Bend. Wakazi wake ni vizazi vya Waafrika waliofanyishwa kazi ya utumwa katika shamba la pamba. Akina mama wa pale walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa ili watoto wao wapate joto. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wao, Freedom Quilting Bee. Mwaka 1972 ushirika huo ulipata kazi ya kushona foronya kwa kampuni ya Sears, na mabaki ya kitambaa cha foronya yakashonwa mifarishi mingine. Mwaka 2002 kazi za Gee's Bend zilitundikwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini Houston, kisha New York, na mwaka 2006 picha zake zilitiwa kwenye stempu za posta za Marekani. Hebu fikirini, suruali iliyochanika magotini imefika kwenye stempu, na sisi mwenzetu amekaa nyumbani siku tatu!

Najua kuna atakayesema kwamba Garissa hakuna baridi, kwa hivyo mfarishi ni wa nini. Ni kweli, hapa joto hupita nyuzi 35. Lakini mfarishi si lazima ujifunike. Wengi wetu hulala juu ya mkeka au godoro lililokwisha kazi, na kinachotuumiza kiko chini yetu, sio juu. Kawandi nazo hutandikwa na kulaliwa. Tena tusisahau mafuriko ya Mto Tana ya mwisho wa mwaka 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024. Familia nyingi hapa mjini zilihama nyumba zao. Tandiko lililoloa maji ya matope si kitu cha kuanikwa ukakitumia tena hivi hivi.

Kazi yenyewe sio ngumu, na mimi nimeijaribu kwa kufundishwa na ayeyo. Kwanza vitambaa huoshwa, kwa sababu vingine huchuja rangi na vingine hurudi vikapungua. Kisha hupangwa, vizito na vizito, vyepesi na vyepesi. Cha yunifomu ni kigumu na hudumu. Cha baati ya pamba ni laini na hushoneka vizuri. Cha dirac huteleza na kufumuka nyuzi, kwa hivyo kisiwekwe karibu na cha yunifomu, kitararuka. Halafu unakata kipimo cha karatasi ngumu cha sentimita 15 kwa 15, na vipande vyote vinakatwa kwa kipimo hicho. Ukishona kwa kuacha sentimita 1 kila upande, kila kipande kinabaki sentimita 13. Vipande 8 kwa upana na 14 kwa urefu vinatoa tandiko la sentimita 104 kwa 182, ambalo linamtosha mtu mmoja. Ndani unatia blanketi kuukuu au baati zilizochakaa, chini unaweka shuka, halafu unapiga bandi kutoka juu hadi chini ili vitu vya ndani visihame. Mwisho unakunja pindo pande zote nne.

Vipande vyote ni 112. Darasa la wanafunzi 40 wakileta vipande 3 kila mtu ni 120. Vinane vinavyobaki vinatosha vishikio vinne vya sufuria. Hapo ndipo utakapojua kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Na kwa asiyetaka kushona kitu kikubwa, vidogo ni vingi: mkoba wa kalamu, mto wa kukalia, kikapu cha kwenda dukani. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwetu tarehe 28 Agosti 2017, na ile iliyokuja badala yake haikawii kuchanika. Kikapu cha kitambaa cha yunifomu hubeba unga na sukari miaka. Hata dasta za ubao twaweza kushona. Nani asiyejua taabu ya mwalimu kuingia darasani na kuanza kuuliza dasta iko wapi?

Wavulana wenzangu watasema ati kushona ni kazi ya wasichana. Nawaomba wapite sokoni jioni moja tu na kuhesabu. Katika njia ninayopita mimi, waliokaa nyuma ya cherehani wengi wao ni wanaume, na kwa kazi hiyo wanalisha watoto na kulipa karo. Sasa mbona kazi hiyo hiyo ikifanywa sokoni ni ya wanaume, na ikifanywa nyumbani ni ya wasichana? Isitoshe, Sayansikimu ni somo la KCSE, na ushonaji una mtihani wake wa vitendo. Mimi ni mvulana, nashona vifungo vyangu mwenyewe, na sijaona nilichopungukiwa.

Wengine watasema mitumba ni rahisi, ya nini kutia kiraka? Mitumba inatusaidia, sikatai. Lakini yunifomu ya shule yetu huikuti kwenye mtumba, na nyumba yenye watoto sita haiwezi kununua nguo kila tundu linapotokea. Akiba haiozi.

Je, mafundi watakubali? Nilimwuliza mmoja, "Adeer, vipande hivi mnavipeleka wapi?" Akanijibu, "Chukua tu, adeer, utanipunguzia kazi ya kutupa." Wapo mafundi wanaouza mabaki kwa watu wa kujaza mito, na hao tusiwasumbue, hiyo ni riziki yao. Tuwaendee wanaotupa.

Basi mapendekezo yangu kwa shule ni manne. La kwanza, tuwe na sanduku moja la vitambaa, na wanafunzi wawili wa kulijaza Januari na kabla ya Idd. La pili, tutengewe saa moja kila Jumatano baada ya masomo, isizidi hapo, ili sisi wa kutwa tufike nyumbani kabla ya magharibi. Sindano, uzi na makasi mawili vinatosha kuanzia. La tatu, mwanafunzi yeyote mwenye tundu aruhusiwe kuja kuliziba bila kuulizwa maswali, na mfarishi wa kwanza apewe mwenzetu anayeuhitaji, kimya kimya, asiitwe mbele ya watu wala kupigwa picha.

La nne ni kwa walimu wetu, na nalisema kwa heshima. Tunaomba itangazwe paredi kwamba yunifomu iliyotiwa kiraka cha rangi yake ni yunifomu kamili. Twakaguliwa viatu, twakaguliwa kucha, na ni vizuri. Lakini mwanafunzi asiyejua kama kiraka kinakubalika ataona ni afadhali abaki nyumbani. Anayemcheka mwenzake kwa kiraka naye aonywe kama anavyoonywa anayechelewa.

Wanafunzi wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi peke yangu naweza kuokota gunia moja, na nitaliokota. Shime, Idd ijayo tusiyaache magunia ya mafundi yachomwe, na Januari tusimwache mwenzetu nyumbani kwa sababu ya tundu.